Jina la Kanga na Daftari la Makumbusho

Mwaka 1964 Roland Barthes, mhakiki wa Kifaransa, alilichambua tangazo la tambi za Panzani: pakiti, kopo, nyanya na vitunguu vikichomoza katika mfuko wa wavu wa sokoni. Akatoa humo ujumbe wa aina tatu: wa maneno, wa picha kama ilivyo, na wa yale ambayo picha inayadokeza, Uitaliano ukiwa mojawapo. Kisha akauliza maneno yanaifanyia nini picha. Jibu lake ni kwamba ama yanaitia nanga isielee katika maana nyingi, ama yanapokezana nayo kusimulia, kama katika katuni. Hadi leo wachambuzi wa filamu na matangazo huvitumia vipimo hivyo viwili.

Kanga haienei katika kipimo hata kimoja. Mjini pana korosho, pindo limezunguka, na chini ya mji jina linamsuta jirani. Korosho haina habari ya jirani, wala jina halina habari ya korosho. Nanga ya maneno hayo imezama kwingine: kwa mvaaji, na kwa yule ambaye mvaaji amekusudia kupita mlangoni kwake. Hapa Charles Sanders Peirce anafaa kuliko Barthes, kwani kwake ishara na kitu chake havitoshi. Lazima pawe na cha tatu, nayo ni ile fahamu inayozaliwa kwa mpokeaji. Kanga iliyokunjwa dukani ina jina, ila haijamwambia mtu neno.

Jambo hili si la nadharia tupu, maana kanga nazo huingizwa katika hifadhidata za makumbusho. Fomu ina mahali pa picha, pa maandishi na tafsiri yake, pa tarehe na kiwanda. Vyote hujazwa sawasawa, na usemi ukatoweka. Afadhali modeli ya CIDOC CRM, iliyotoka katika kamati ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho na kupitishwa kuwa kiwango cha ISO 21127 mwaka 2006. Hiyo imejengwa juu ya matukio: chombo, mtu, mahali na wakati hukutana katika tukio. Kufumwa na kupigwa chapa ni matukio. Basi kuvaliwa arusini mbele ya mke mwenza nako ni tukio. Modeli haikatazi. Kinachokosekana aghalabu ni mtu wa kwenda kuuliza.

Na akishauliza, ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Msutwa akija juu, mvaaji hujibu kwamba ameipendea rangi. Rose Marie Beck, katika makala yake ya mwaka 2000 juu ya maandishi ya leso, aliutilia mkazo utata huu. Mtunza daftari akimwandika mlengwa kwa yakini, amegeuka shahidi dhidi ya mvaaji. Akipaacha patupu, ameifanya kanga kitambaa tu. Modeli hiyohiyo inaruhusu dai liandikwe pamoja na mwenye kulidai. Basi yaandikwe yote mawili, la msutwa na la mvaaji, pasi na kuamuliwa lipi la kweli.

Imebaki picha. Katika hifadhidata kanga hutandazwa, na jina husomwa na aliyesimama mbele yake. Mtaani aghalabu husomwa mgongoni, mvaaji akishapita.