Sauti Juu ya Picha

Juni ikishaingia Njombe, saa moja jioni mji umeshafunga milango. Watu wa Dar es Salaam wakisikia kipupwe hufikiria upepo wa kusi na usiku wa kulala bila feni. Sisi wa nyanda za juu tunafikiria mzula uliovutwa mpaka masikioni, makoti mawili ya mtumba yaliyovaliwa pamoja, na jiko la mkaa lililoachwa nje mpaka moshi uishe ndipo liingizwe sebuleni, dirisha likibaki wazi kidogo. (Asiyejua kwa nini dirisha huachwa wazi na aulize, mkaa umeshaua watu usingizini.) Kule Kitulo umande huganda juu ya majani ukawa barafu. Kwenye baridi ya namna hiyo hakuna wa kutoka kwenda kupiga soga kwa jirani. Kinachobaki ni chai ya tangawizi, viazi vya kuchemsha na runinga.

Wengi wakizisifu jioni za namna hii humsifu stelingi aliyepigana na watu kumi, au Marekani iliyotengeneza muvi yenyewe. Mimi namsifu mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu: mtafsiri. Ni yule anayechukua mkanda wa Hollywood, wa Hong Kong au wa Mumbai, akakaa na kinasa sauti, akausema wote kwa Kiswahili peke yake kuanzia mwanzo mpaka majina ya mwisho yanapopanda. Yeye ndiye stelingi, yeye ndiye adui, yeye ndiye bibi anayelia, yeye ndiye polisi anayefika wakati ugomvi umeshaisha.

Tanzania, aliyeifanya kazi hii ikaitwa kazi ni Derek Mukandala, ambaye mitaani alijulikana kwa jina la Lufufu. Ukienda kuazima kanda ulimuuliza mwenye duka kwanza kama "ni ya Lufufu", ndipo ukauliza muvi inaitwaje. Baada yake wakaja kina DJ Mark na wengine wengi. Kenya wana DJ Afro, ambaye sauti yake nimeisikia kwenye matatu, vinyozini na kwenye simu za walinzi usiku. Uganda wanawaita VJ, na huko mambo yamefika mbali zaidi: filamu Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, inatembea duniani ikiwa na VJ Emmie juu yake, anapiga kelele, anachekesha, anaisifu filamu hiyohiyo anayoisimulia. Wazungu wanaoinunua leo wasingeitaka bila yeye.

Ila mfano ninaoujua vizuri zaidi ni mdogo, wa nyumbani. Ni Home Alone, filamu ya mwaka 1990 ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani karibu na Chicago wakati wa Krismasi, ikiwa imetafsiriwa na kijana mmoja wa huku kwetu ambaye hakuwahi kuwa maarufu. Tulikuwa tunaitazama kila kipupwe.

Kazi ya kwanza ya kijana huyo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Ilibidi awashawishi wakulima wa viazi na chai kwamba mama mwenye akili timamu anaweza kupanda ndege kwenda Paris akamsahau mtoto wa kumzaa. Mwingereza au Mmarekani anakubali tu, kwa kuwa ndivyo filamu inavyosema. Kwetu shangazi angeinuka na kusema huu ni upuuzi. Basi mtafsiri akawahi kabla ya shangazi. Nyumba ile, akasema, ina watu kumi na tano, wajomba na watoto wa ndugu wamelala mpaka sakafuni; usiku upepo umekata umeme, saa ya kengele imezimika; asubuhi wameamka wamechelewa, gari limeshafika mlangoni; na wakati wa kuhesabu watoto kuna mtoto wa jirani kajipenyeza anachungulia mizigo, naye kahesabiwa. "Kumbe hata Marekani umeme hukatika!" akamalizia. Sebule nzima ikacheka, na shangazi akameza neno lake. Yote hayo yamo ndani ya filamu, hakubuni hata moja. Ila filamu inayapitisha haraka, na yeye alijua pa kuyaweka mbele ya watu wake.

Theluji nayo ilitaka maelezo, maana hapo hakuna aliyewahi kuiona isipokuwa kwenye kalenda. Hakutoa somo la jiografia. Alingoja mtoto atoke nje amevaa koti na kofia, akasema tu: "Hapo ni Kitulo mara kumi, na hakuna jiko." Akanyamaza. Kila mtu akajisogeza karibu na mkaa.

Halafu kuna kanisa. Mtoto ameingia peke yake mkesha wa Krismasi, na yule mzee jirani ambaye watoto wote wanamwogopa anakuja kuketi kando yake. Anamwambia kwamba wamegombana na mwanawe, hawasemeshani, na kwamba amekuja pale ili amsikie mjukuu wake anaimba kwaya. Mtafsiri wa hovyo angejaza pale utani. Huyu alishusha sauti, akasema sentensi mbili, akaacha kwaya iimbe. Kwenye kanda unasikia jinsi sauti ya filamu inavyopanda taratibu, maana mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kitufe muda wote. Watu wakiizungumzia kazi hii huzungumzia mdomo. Mimi nasema nusu yake ni mkono, kujua wakati wa kuishusha filamu ili usikike na wakati wa kuipandisha ili wewe ujifiche.

Watu wenye shule zao walikuwa wakisema watafsiri wanaharibu muvi. Kuna ukweli. Nimesikia filamu za Kichina zilizotafsiriwa na mtu asiyejua Kichina hata cha salamu, akawa anatunga hadithi yake kwa kutazama nyuso tu. Lakini baadhi ya hadithi hizo, nasema bila haya, zilikuwa nzuri kuliko zile za kwenye filamu, ambazo mara nyingi ni mtu anayelipiza kisasi cha mwalimu wake na basi. Mjerumani Matthias Krings, mwanaanthropolojia aliyewachunguza watafsiri wa Tanzania, aliipa makala yake jina linalozungumzia wali kugeuzwa pilau. Hakuna aliyeieleza sanaa hii vizuri zaidi kwa maneno machache hivyo.

Tusidhani tuko peke yetu, au kwamba hii ni dawa ya watu wasio na pesa. Poland ni nchi ya Ulaya, na Desemba jua la Warsaw huzama kabla ya saa kumi alasiri. Huko, filamu za kigeni kwenye runinga husomwa na mtu mmoja anayeitwa lektor. Sauti yake ni kavu, haina kilio wala kicheko, na waigizaji wenyewe unawasikia chini yake. Aliyependwa sana, Tomasz Knapik, aliyefariki mwaka 2021, ndiye pia aliyekuwa akitangaza vituo kwenye mabasi ya Warsaw, kwa hiyo mtu alitoka kazini akisikia sauti hiyo, akafika nyumbani akaikuta inazungumza kwa niaba ya majambazi wa Marekani. Na filamu ambayo Wapolandi hawakubali Krismasi ipite bila hiyo ni hiyohiyo Home Alone. Mwaka 2010 kituo cha Polsat kilipotaka kupumzika nayo, watazamaji wakaja juu mtandaoni mpaka ikarudishwa.

Warusi nao, miaka ya 1980 kanda za video zilipokuwa zinaingia kwa njia za panya, walikuwa na watu kama Leonid Volodarsky, Andrey Gavrilov na Aleksei Mikhalyov. Walitafsiri papo hapo, filamu ikitembea, mara nyingi bila kupata nafasi ya kuitazama kwanza. Volodarsky alisema puani, na uvumi ukaenea kwamba hubana pua kwa kibanio cha nguo ili makachero wasiitambue sauti yake. Ukweli ni kwamba pua yake ilikuwa imevunjika. Mikhalyov, yule wa vichekesho, kazi yake rasmi ilikuwa mkalimani wa Kiajemi wa viongozi wa Kisovieti. Napenda kumfikiria mchana akitafsiri mazungumzo ya wakubwa, usiku akitafsiri vichekesho vya Hollywood kwa watu waliojifungia ndani kukimbia theluji.

Wajapani walitutangulia sote. Enzi za filamu bubu walikuwa na benshi, msimulizi anayesimama kando ya skrini, na mwaka 1927 walikuwa zaidi ya 6,000. Jina la benshi liliandikwa kubwa kwenye bango kuliko la mwigizaji. Filamu zenye sauti zilipowanyang'anya kazi waligoma, wakashindwa. Kaka yake Akira Kurosawa, aitwaye Heigo, alikuwa mmoja wao, na alijiua mwaka 1933.

Siku hizi tuna njia nyingine. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na wakwe zake, imeingizwa Kiswahili na waigizaji wengi, kila mhusika na sauti yake. Azam wakafanya hivyo kwa tamthilia ya Kituruki ya Sultan, na mji mzima ukawa unazungumza habari za mhusika wake Hurrem kama jirani yao wa nyumba ya tatu. Ni kazi nzuri, siibezi. Imewapa vijana wetu ajira ya kutumia sauti, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha mtafsiri wa mtaani.

Ila haifanyi kile ambacho kipupwe kinakitaka. Ukitazama Sultan unasahau uko Njombe, unaingia Istanbul peke yako, na mkeo aliye kando yako naye ameingia peke yake. Mtafsiri hakuachi uende peke yako. Anakupeleka Chicago, lakini yeye anabaki mtu wa kwenu, anakuonyesha, anakutania, anakuambia "subiri uone", na mara nyingine anamsema stelingi kama sisi tunavyomsema. Wakimbiao baridi hawataki tu kwenda mbali. Wanataka kwenda na mtu. Ndiyo maana muvi ileile tuliitazama mwaka hadi mwaka: visa tulishavijua, tulikuwa tunarudi kwa msimulizi.

Sheria ya hakimiliki haikuwa rafiki wa kazi hii, na haingeweza kuwa. Wenye filamu hawakuombwa ruhusa wala hawakulipwa. Sitetei. Lakini mtafsiri mwenyewe naye aliibiwa: kanda yake ilinakiliwa na kila mwenye deki mbili, siidii zikaja zikanakiliwa haraka zaidi, na leo sauti yake iko kwenye flashi za watu ambao hawajui hata aliitwa nani. Na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya kuficha, sijaona maktaba inayoihifadhi kama inavyohifadhi mashairi na taarabu.

Kanda za VHS huota ukungu, na kwenye nyanda za juu zenye unyevu huota upesi. Kama kwenu kuna boksi chini ya kitanda lenye kanda zilizotafsiriwa, usimpe mkusanya vyuma chakavu. Zipeleke kwa fundi mwenye deki nzima azihamishie kwenye flashi, kisha andika kwenye kava jina la mtafsiri, mji wake na mwaka kama unaukumbuka. Ukikosa jina, waulize wazee wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Wengi bado wapo, na wanakumbuka.