Breka ya 40 Kwenye Waya wa 2.5

Kosa lililofanyika katika nyumba moja kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay halihitaji tume ya uchunguzi. Breka ya ampea 20 ilikuwa inakata, fundi akaing'oa, akapachika ya 40, akapokea pesa yake akaondoka. Uamuzi ulikuwa mbaya kabla bisibisi haijagusa skrubu, na naandika kuuhusu kwa sababu naukuta kila mahali, Migori mjini hadi Mbita.

Mpangilio ulikuwa huu. Kisanduku cha njia 4, zote zimejaa. Shawa ya umeme ya wati 5,400 imeungwa kwenye laini ya soketi, waya wa milimita mraba 2.5 ndani ya bomba ukutani. Kwa volti 240, shawa hiyo peke yake inavuta ampea 22.5. Mtu akiwasha birika la wati 2,000 jikoni, zinaongezeka 8 na ushei. Jumla inakaribia 31. Breka ya 20 ikibebeshwa mzigo huo haikati papo hapo: utepe wake wa metali unapata joto, unapinda, kisha unaachia baada ya dakika kadhaa. Ndiyo maana mama mwenye nyumba alilalamika kwamba maji yanapoa katikati ya kuoga. Ingekuwa shoti, ingekata saa ile ile swichi inapowashwa. Fundi aliambiwa dalili yote ya kuzidiwa mzigo, neno kwa neno, akaamua breka imekufa.

Sasa njoo kwenye waya. Waya wa 2.5 wenye ganda la PVC, ndani ya bomba, unabeba kama ampea 24, na ganda lake halipaswi kupita nyuzi 70. Joto linapanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ampea 31 zinausogeza waya ule karibu na nyuzi 100. Na breka ya 40 inafanya nini wakati huo? Haifanyi kitu, na iko sahihi. Breka za nyumbani zimeundwa zisikate kwa mara 1.13 ya namba zake, yaani ampea 45 kwa hii ya 40, hata saa nzima ipite. Zinalazimika kukata ndani ya saa hiyo mkondo ukifika mara 1.45, yaani 58. Basi kati ya 24 na 45 waya ule hauna mlinzi. Ganda linakauka na kupasuka taratibu nyuma ya plasta, juu ya dari ya jipsamu, na hakuna anayeona. Namba ya breka inachaguliwa kwa kutazama waya kwanza. Nimelisema hili mpaka wasomaji wamechoka, na nitalisema tena.

Mengine yalikuwa sawa: fimbo ya ardhi ilipigwa vizuri, na skrubu za nyutro zilikazwa sawasawa.

Kazi iliyotakiwa ilikuwa kubadilisha kisanduku. Njia zikijaa, na nyaya mbili zikianza kubanwa chini ya breka moja, kisanduku kimekwisha kazi yake hata kama kinang'aa. Kiwekwe cha njia 8, shawa ipewe laini yake ya waya wa 6 na breka ya 32, na mbele yake kikae kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kwa kuwa hapo ni maji, umeme na mwili wa mtu mahali pamoja. Kisanduku kipya kikiachiwa nyaya zile zile na shawa ile ile kwenye soketi, ni pesa iliyotupwa.

Lawama si ya fundi peke yake. Kuna wenye nyumba wanaolipia vigae mpaka uani, halafu wanabishania mita kumi za waya. Kuna pia wenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, wanaotia sahihi cheti cha nyumba ambayo hawajaingia. Na zile redi bodi, bodi ndogo zilizofungwa tayari, za mradi wa Last Mile wa kuunganishia watu umeme: mradi huo ulioanza 2015 ulifanya jambo kubwa kushusha ada ya kuungiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, lakini bodi ile iliwekwa kwa taa chache na soketi. Leo naikuta ikiwa kichwa cha nyumba ya vyumba vitano.

Mzee aliyenifunza alishika koleo enzi ambazo kituo cha Gogo, megawati 2 kwenye mto Kuja, kilikuwa kinawasha machimbo ya Macalder. Alifanya kazi na fyuzi za kauri na kadi ya nyuzi zake: 5, 15, 30. Fyuzi ikiungua hakugusa kadi kabla ya kuuliza, "Mmeongeza nini humu ndani?" Swali hilo moja lingeiokoa nyumba ya Rongo. Mafundi wa leo wana mita za kidijitali mfukoni, na hawaulizi.

Upande wa ziwani hali ni nzito zaidi, kwa sababu friza za samaki zinaongezwa moja moja, pampu inafuata, kisha shawa. Hapo usingoje harufu ya kuungua. Taa zikififia kila friza inapoanza, au swichi kuu ikiwa ya moto mkononi, mwite fundi mwenye leseni apime mkondo mchana wa kazi, vyote vikiwa vimewashwa. Swichi kuu ikiwa ya 60 na kipimo kinasoma 55, kisanduku kikubwa zaidi hakitasaidia: mwombe Kenya Power fezi tatu, na mzigo ugawanywe upya kabla friza ya tatu haijaingia.