Mtu wa Kiti cha Pili

Mwaka 1978 Roy Williams aliacha kazi ya ukocha mkuu katika shule ya sekondari ya mji mdogo wa Black Mountain, akaenda Chuo Kikuu cha North Carolina kumsaidia Dean Smith, kocha mkuu wa timu ya mpira wa kikapu. Mshahara wake ulikuwa dola 2,700 kwa mwaka, naye ana mke na mtoto. Ili mkono uende kinywani, alizunguka jimbo zima kwa gari akiuza kalenda za timu, na Jumapili alfajiri akabeba kanda za kipindi cha televisheni cha bosi wake kuzipeleka kwenye vituo vya mbali.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu aliyeanzia chini akapanda. Kweli alipanda: alipewa timu ya Kansas mwaka 1988, akarudi North Carolina mwaka 2003, akatwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Lakini kikisimuliwa hivyo, miaka kumi mizima ya kazi inarukwa kana kwamba alikuwa amekaa kwenye foleni akingoja kuitwa jina. Mimi nasema ukocha msaidizi ni ufundi unaojitosheleza, na walioumudu sawasawa ni wachache kuliko makocha wakuu wazuri.

Njia ya kuuingia haina heshima. Wengi huanza wakiwa wanafunzi wa kufua jezi na kujaza chupa za maji. Akibahatika, mtu huchukuliwa kama msaidizi huku akisoma shahada ya pili, halafu hufungiwa chumba cha video, halafu ndipo hupata kiti benchini. Miaka ya mwanzo ya 1990, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliamua kwamba kocha wa ngazi ya chini benchini asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Makocha wakaenda mahakamani wakashinda, na mwaka 1999 NCAA ikakubali kutoa zaidi ya dola milioni 54 kumaliza shauri hilo. Leo katika vyuo vikubwa msaidizi hulipwa pesa nono. Hata hivyo, kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi nao hufungasha, watoto wakahamishwa shule kwa mara nyingine.

Sasa tazama kazi yenyewe. Wasaidizi hugawana wapinzani wa msimu, kila mmoja na timu zake za kuchunguza. Aliyepewa mchezo wa Jumamosi hukaa na video usiku kucha, akirudisha nyuma, akisimamisha, akirudisha tena. Anatafuta vitu ambavyo shabiki havioni. Yule gadi akienda kushoto, hufika mpaka chini ya kikapu au husimama njiani akarusha? Senta wao akipokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, hugeukia bega lipi? Kocha wao akiinua ngumi, mchezo gani unafuata? Asubuhi daftari limejaa, na hapo ndipo ufundi unapoanza, maana mengi ya humo inabidi ayatupe. Kijana wa miaka 19 mwenye mtihani wa takwimu Ijumaa hawezi kuingia uwanjani na maagizo 40 kichwani. Mpe matatu. Msaidizi hodari hujua ni matatu yapi, na huwa na moyo wa kuyaacha yale 37 aliyoyakosea usingizi.

Halafu huwachukua wachezaji wa akiba, akawafundisha kucheza kama mpinzani ili wenzao wajifunze kuwazuia. Jumamosi ngumi ikiinuliwa ng'ambo, sauti ya msaidizi hutangulia pasi. Asilimia kubwa ya watu ukumbini hawajui kilichotokea. Wanaona tu mpira umeporwa.

Upande wa kusaka vijana nao una mabingwa wake. Tommy Lloyd alikaa miaka 20 akiwa msaidizi wa Mark Few huko Gonzaga, chuo kidogo cha Wajesuiti katika mji wa Spokane. Alitazama mbali kuliko wenzake: Ronny Turiaf alitoka Martinique, Domantas Sabonis ni Mlithuania, Rui Hachimura alitoka Japani. Mwaka 2021 Arizona wakampa timu yao, na katika msimu wa kwanza akashinda michezo 33 kati ya 37. Walioshangaa hawakuwa wakitazama benchi. Hata sisi tuna dosari hiyo. Tulimshangilia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipoichezea Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, na wengi wetu tulimjua kocha wake, Jim Calhoun. Wasaidizi waliokesha na video za timu ile sikuwahi kusikia mtu akiwauliza kwa majina.

Ila anayenivutia kuliko wote ni Bill Guthridge. Alikuja North Carolina mwaka 1967, akakaa kando ya Dean Smith miaka 30, akikataa nafasi za kwenda kuongoza timu kwingine. Walikuwa kama nahodha na serahangi wake: mmoja hutazama upeo, mwingine kamba. Oktoba 1997, wiki chache kabla ya msimu, Smith akastaafu, na usukani ukamwangukia Guthridge akiwa na umri wa miaka 60. Alikuwa na wachezaji sita waliostahili kuanza, wakiwemo Antawn Jamison na Vince Carter, na nafasi ni tano. Hakumtoa mtu kafara, akawapokezanisha. Hilo ni wazo la mtu aliyetumia maisha yake akiwatazama wanaobaki benchini. Timu ilishinda michezo 34, ikapoteza minne, ikafika nusu fainali ya taifa. Mwaka 2000 akaifikisha tena, kisha akaondoka kimya kimya.

Yeye na Smith walifariki mwaka mmoja, 2015. Kwenye kumbukumbu rasmi Guthridge ana ushindi wa michezo 80, yote ya misimu mitatu ya mwisho. Ule wa miaka 30 iliyotangulia umeandikwa kwa jina la Dean Smith.