Jiwe na Mwanawe

Kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam, kipo Kijiji cha Makumbusho, ambamo tangu miaka ya 1960 nyumba za jadi za makabila ya Tanzania zimesimama pamoja kama jamaa waliokutana arusini. Huko ndiko nilikokwenda kwa hiari yangu, bila ujira wala ahadi ya ujira, kumsaidia bibi mmoja wa kwetu Kilolo aliyekubali kuwaonyesha wageni namna chakula cha Uhehe kilivyopikwa kabla ya kuja mashine. Jiwe lake la kusagia lilisafiri chini ya kiti cha basi, limefungwa kwa khanga, na kila basi lilipoyumba katika kona za mlima Kitonga aliinama akalishika, kama mtu amshikaye mtoto asianguke.

Nilijigamba moyoni kwamba naijua kazi ile ya kusaga, kwa sababu nililelewa na sauti ya jiwe. Asubuhi za Juni, ukungu wa Kilolo ukiwa umeshuka hata mianzi ya ulanzi iliyo hatua kumi kutoka mlangoni haionekani, marehemu bibi yangu alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya jiwe, akimimina ulezi konzi baada ya konzi, akimsukuma mwana wa jiwe, yaani lile jiwe dogo la juu, mbele na kumrudisha nyuma kwa uzito wa mabega, si wa mikono. Nasi watoto, tuliojikunyata chini ya blanketi moja, tuliweza kutambua kwa masikio peke yake kazi imefika wapi, maana punje nzima hukwaruza kama koo la mwenye mafua, zikivunjika sauti hupungua, na unga ukilainika jiwe hunong'ona. Hapo alichota unga kidogo kwa vidole viwili, akauweka ulimini, akatikisa kichwa, akaanza tena. Hakuwa na mizani wala saa. Jiwe lilipozidi kuwa laini kwa wingi wa kusaga, aliligongagonga kwa jiwe gumu zaidi hata likarudia ukali wake, na kazi hiyo hakumwachia mtu.

Tarikhi haikuisahau Uhehe. Tumeandikiwa habari za Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivunja kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Na mwaka 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirejeshwa kutoka Ujerumani, likawekwa Kalenga kwa taadhima. Ni fahari iliyostahili. Lakini jeshi haliendi vitani kwa mikuki mitupu. Lilikula, na nafaka yake ilisagwa na wanawake ambao hakuna aliyeyaandika majina yao. Wala hapana kabati la kioo liwezalo kuihifadhi mikono yao, kwa maana amali ya mkono haihifadhiki ila kwa kutendwa.

Siku ile pale Kijiji cha Makumbusho wageni walikuja wengi. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto baina ya mafiga matatu na kuteka maji, na hata hiyo bibi aliisahihisha mara mbili. Walipiga picha jiwe, wakapiga picha chungu, wakapiga picha mikunjo ya uso wa bibi, wakaenda zao maji hayajachemka. Waliosubiri hata ugali wa ulezi ukasongwa hawakutimia kumi, na miongoni mwao mmoja aliuona wekundu wake akauliza mbona si ugali wa asili, mweupe. Naye hakujua kwamba mahindi ndiyo mgeni, aliyevuka bahari kutoka Amerika, na ulezi ndio mwenyeji wa nyanda hizi.

Kijana mwingine akasema kwa adabu, "Shikamoo bibi. Mashine si ingeimaliza kazi hii mara moja?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ingeimaliza," akajibu bibi, wala hakuinua macho. "Hata sisi nyumbani twapeleka mashineni."

Jawabu lile lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Simlaumu mwanamke aliyepumzisha magoti yake. Taabu ile ilikuwa nzito, na anayeisifu aghalabu ni yule aliyekuwa amelala chini ya blanketi. Ninalolaumu ni wepesi wetu wa kuyatupa maarifa pamoja na taabu, kana kwamba masikio yaliyojua unga kwa sauti yalikuwa sehemu ya mzigo.

Msomaji, ikiwa kwenu yupo mzee ajuaye kazi ya namna hii, kaa karibu naye hata chungu kiive. Mimi nilichelewa. Niliporudi Kilolo nilikwenda uani kulitafuta jiwe la bibi yangu, nikalikuta limeegemezwa mlangoni kuuzuia usipigwe na upepo. Jiwe lipo, mwanawe hajulikani aliko.