Kiswahili cha Mzee Ojwang' na Sikio la Mvita

Katika historia ya uigizaji wa Kiswahili nchini Kenya, ni wachache waliopendwa kwa muda mrefu kama Benson Wanjau, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la mhusika wake, Mzee Ojwang' Hatari. Alizaliwa mwaka 1937 na akafariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015. Umaarufu wake ulitokana hasa na mchezo wa Vitimbi, uliorushwa na Sauti ya Kenya, na baada ya mwaka 1989 na Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Sifa zake zimesemwa sana. Jambo lisilochambuliwa vya kutosha ni lugha yake. Makala haya yanakusudia kuichunguza lugha hiyo kutoka mahali ambapo ingetarajiwa kuhukumiwa kwa ukali kuliko kwengineko: Mji wa Kale wa Mombasa, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na kosa la mgeni halipiti barazani bila ya kusikika.

Yafaa kwanza tatizo lenyewe lielezwe wazi. Ojwang' alisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo. Dholuo haina sauti za "sh" na "z". Kwa hiyo mwenye lafudhi hiyo hugeuza "shamba" likawa "samba", na "mzee" akawa "msee". Wakati huo huo serikali ilikuwa ikikitilia mkazo Kiswahili fasaha. Mwaka 1974 kilitangazwa kuwa lugha ya Bunge, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtoto wa Kibokoni au wa Kuze alisahihishwa matamshi yake asubuhi darasani, na usiku akamwona mzee wa televisheni akipendwa na nchi nzima kwa matamshi ambayo mwalimu angeyapiga mstari mwekundu. Je, mwigizaji huyu alikuwa akiibomoa nyumba ambayo wengine walikuwa wakiijenga?

Shtaka hilo si dogo, na wapenzi wa lugha wana haki ya kulitoa. Hata hivyo, mtu wa Mvita anapaswa kulipima kwa uangalifu zaidi kuliko wengine, kwa sababu historia ya lugha yake yeye mwenyewe inamfunza tahadhari. Kimvita kilikuwa lugha ya utungo uliokomaa tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Na Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliijengea kamusi yake katika lahaja hiyo. Lakini mkutano uliofanywa mwaka 1928, tena hapo hapo Mombasa, uliamua kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja. Tangu hapo mtoto wa Mombasa aandikaye "mato" kwa "macho", au "kuteka" kwa "kucheka", huhesabiwa kuwa amekosea. Barabara kongwe ya Mji wa Kale ingali ikiitwa Ndia Kuu, na hakuna aliyethubutu kuisahihisha. Basi aliyewahi kuambiwa kwamba lugha ya mamake ni kosa, hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kuliita kosa kila asikialo katika kinywa cha mwenzake.

Hoja hii haitoshi peke yake kumwondolea Ojwang' lawama, kwani Kimvita ni lahaja yenye kanuni zake, ilhali lafudhi ya mgeni ni alama ya lugha nyingine. Utetezi wake halisi umo katika sanaa. Wanjau hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile haikuwa udhaifu wa ulimi wake. Aliichagua, akajifunza, akaivaa kama alivyovaa miwani na kofia yake. Tena aliishika kwa utaratibu. Mwigizaji hafifu hukosea pale tu anapotaka kuchekesha, kisha husahau akasema sawasawa. Ojwang' alikuwa na sauti moja katika hasira, katika ubembelezi na katika hila. Mtazamaji aliyezoea lugha husadiki haraka panapo uthabiti huo, kwani husikia mtu kamili anayesema.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba kicheko hakikukaa katika lafudhi pekee. Ojwang' ni baba mwenye nyumba, mwenye kujiona mjanja, ambaye hila zake humrudia mwenyewe. Mbele yake yupo Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, mke asiyekubali kuburutwa. Mtu huyu anajulikana Kibokoni kama anavyojulikana Kisumu. Pwani yamjua tangu hadithi za Abunuwasi, ila Ojwang' hana bahati ya Abunuwasi ya kushinda kila mara. Ukiitoa lafudhi, mhusika atabaki. Na hicho ndicho kipimo cha kumtenganisha mwigizaji na mwigaji.

Uzito wa uteuzi huo hauonekani mpaka ukumbukwe wakati. Baada ya kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969, na maafa ya Kisumu mwezi Oktoba mwaka huo huo, imani kati ya Wakikuyu na Wajaluo ilivunjika vibaya, na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalionyesha kwamba jeraha halikuwa limepona. Katikati ya hayo, Mkikuyu mmoja aliingia kila wiki katika nyumba za Wakenya kwa jina la Kijaluo, na watu wa jamii zote wakamwita mzee wao. Lau angalikuwa na dharau, wenye lafudhi ile wangaliitambua kabla ya yeyote.

Kumlinganisha na Amri Athuman, yaani King Majuto wa Tanga (1948–2018), kunaangaza zaidi. Majuto alichekesha kutoka ndani ya Kiswahili cha pwani: kwa utani, kwa jibu la haraka, kwa neno lililogeuzwa maana. Mtazamaji wa Mombasa humcheka Majuto kama jirani, naye Ojwang' humcheka kama mgeni aliyemkaribisha. Njia zote mbili ni halali, lakini ya pili ina hatari. Waigaji wengi wa baadaye walichukua lafudhi za makabila wakaacha utu, na matokeo yake yakawa kejeli tupu.

Hasara nyingine yaigusa Mombasa yenyewe. Kituo cha televisheni kilifunguliwa katika mji huo mwaka 1970, lakini Kimvita hakikupata kwenye kioo mhusika wa kufikia kimo cha Ojwang'. Kosa hilo si la Wanjau. Yeye alionyesha kwamba Mkenya aweza kupendwa akiwa na ulimi wa kwao. Ni juu ya watunzi wa Mvita kuudai ukweli huo kwa ajili ya ulimi wao.

Katika miaka yake ya mwisho macho ya Wanjau yalidhoofika, na wananchi wakamchangia fedha za matibabu. Mchango huo ni ushahidi wa mapenzi, na pia ni aibu kwa nchi inayowacheka wasanii wake miaka na miaka bila ya kuwawekea akiba ya uzeeni. Kiswahili hakikubomoka kwa sababu ya Mzee Ojwang'. Kiliwafikia wengi ambao mwalimu hakuwafikia, na kikawapa ruhusa ya kukisema kabla ya kukijua vyema. Mwenye lugha hapotezi kitu mgeni anapoingia na viatu vyake mlangoni. Kazi ya kumfunza adabu za nyumba yaweza kufuata, maadamu mgeni amekwisha kupenda kukaa.