Michezo ya Kujenga Umoja Makazini: Faida Yake ni Ipi?



Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyemsomesha chuoni tangu akiwa na umri wa miaka sita. Leo ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, naye ameajiriwa na kampuni moja kuuza bidhaa kwa wenye maduka. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akanibusu mkono, akakaa mkekani, kisha akanyamaza kama mtu aliyebeba jambo zito. Nilipomuuliza khabari zake akasema: "Maalim, Jumamosi kampuni ilitupeleka shamba kwenye michezo ya kujenga timu. Nilisimamishwa juu ya meza, nikafungwa kitambaa machoni, nikaambiwa nijiangushe kinyumenyume na wenzangu watanidaka. Nikajiangusha, wakanidaka, watu wakapiga makofi. Jumatatu asubuhi mmoja katika wale walionidaka alikwenda kwa mteja wangu wa miaka mitatu, akamwambia kuwa mimi nimeacha kazi, akamchukua. Sasa nakuuliza, Maalim, mchezo ule ni haramu?"

Nikamwambia: "Mwanangu, hilo silo swali. Swali ni hili: ni nani aliyemfundisha mwenzako kuwa riziki yake imo mfukoni mwako?"

Kijana alikwenda zake, lakini mimi nilibaki na jambo lile. Nikasoma nilichoweza kukisoma na nikawauliza waliokwisha kupelekwa kwenye michezo hiyo. Haya ndiyo niliyoyaona, nami nakuwekea wewe msomaji uyapime.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Siku hizi makampuni mengi, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, huwachukua wafanyakazi wao, khasa watu wa mauzo, wakawatoa nje ya mji kwa siku moja au mbili. Huko huvalishwa fulana za rangi moja, wakavuta kamba, wakakimbia mbio za magunia, wakaunda chelezo kwa mapipa na mbao, wakaongozana wamefungwa macho. Jioni meneja hutoa hotuba kwamba sasa wote ni watu wa nyumba moja, hupigwa picha, na watu hurejeshwa makwao. Wenyewe huita timu bildingi.

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa jambo hili lilizaliwa katika upuuzi. Moja katika mizizi yake ni ya baharini, na kwa hivyo sisi watu wa pwani yatupasa tuijue. Katika vita vikuu vya pili, manuwari za Kijerumani za chini ya bahari zilikuwa zikizamisha meli za biashara za Uingereza. Mwenye meli mmoja wa Liverpool, Lawrence Holt, alihuzunishwa na jinsi mabaharia vijana walivyokuwa wakifa katika mashua za kuokolea. Aliamini kuwa mabaharia wa makamo, ijapokuwa miili yao ilikuwa imechoka zaidi, walikuwa wakistahamili kuliko vijana kwa sababu walikuwa na uzoefu na moyo. Akashirikiana na mwalimu Kurt Hahn, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake mwaka 1933 kwa kumpinga Hitler, na mwaka 1941 wakafungua shule huko Aberdovey, katika pwani ya Wales. Shule ile waliiita Outward Bound, na maana yake ni chombo kinachotoka bandarini kwenda safari. Vijana walikaa huko karibu mwezi mmoja, wakifundishwa kuendesha mashua, kupanda milima na kuokoa watu. Katika miaka ya 1950 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Sasa linganisha. Vijana wale wa Aberdovey walikuwa wakijitayarisha kwa bahari iliyokuwa ikiwangoja kweli. Kamba waliyofundishwa kuifunga ndiyo kamba itakayowaokoa. Na mwenzako katika mashua, akizama, nawe u karibu kuzama. Umoja wao haukuwa wa kuigiza, kwani salama yao ilikuwa moja. Warithi wao wa leo wamechukua kamba, mashua na mlima, lakini ile salama iliyo moja wameiacha nyuma. Na hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya jambo zima.

Mzizi wa pili unatoka kiwandani. Kati ya mwaka 1924 na 1932 yalifanywa majaribio mashuhuri katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, Marekani, kilichokuwa kikitengeneza vyombo vya simu. Tangu siku hizo wakuu wa makampuni walianza kusema sana juu ya umoja wa wafanyakazi. Lakini liko jambo moja katika majaribio yale ambalo hawapendi kulitaja. Katika chumba kimoja walichunguzwa wanaume 14, ikaonekana kuwa umoja tayari walikuwa nao, tena wa nguvu. Walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kiasi cha kazi ya siku, na aliyezidisha mbio alipigwa ngumi ya bega na wenzake! Na waliogopa nini? Waliogopa kuwa wakizidisha kazi, kampuni itapunguza kiwango cha malipo. Basi waona kuwa watu hawakukosa mchezo wa kuwaunganisha. Walichokosa ni kumwamini aliyewaajiri.

Haya, na michezo yenyewe huleta faida? Yataka tuseme haki. Mwaka 1999 mtaalamu Eduardo Salas na wenzake huko Marekani walizikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa juu ya kujenga timu kwa njia mbalimbali, wakaona kwamba kwa jumla hakuna ongezeko la maana katika kazi yenyewe. Kilichosaidia ni kumbainishia kila mtu wajibu wake. Mwaka 2009 kazi hiyo ilirudiwa kwa tafiti nyingi zaidi, na hapo ikaonekana kuwa faida ipo, khasa katika jinsi watu wanavyojisikia na wanavyoshirikiana, na iliyo kubwa zaidi hutokana na kuweka malengo pamoja na kujua nani afanye nini. Basi mimi sisemi kuwa jambo hili halina kheri. Kijana wangu mwenyewe aliniambia kuwa siku ile alicheka na karani wa ghala ambaye hakuwahi kumsalimu kwa miaka miwili. Hilo si dogo. Lakini kuweka malengo na kubainisha wajibu hakuhitaji gunia wala kitambaa cha macho. Yanafanywa ofisini, juu ya meza, kwa maneno ya kweli.

Na penye upuuzi, madhara yake yameonekana. Mwaka 2001, huko Florida, kampuni moja kubwa ya vyakula iliwatembeza wafanyakazi wake juu ya makaa ya moto ili kuwatia ushujaa, na kiasi cha watu kumi na wawili wakaungua nyayo. Liko kubwa kuliko hilo, na hili linawahusu watu wa mauzo hasa. Katika mji wa Fresno, California, kampuni moja ya kuuza ving'ora vya kulinda majumba iliwagawa wauzaji wake makundi, na kundi lililoshindwa lilikuwa likifedheheshwa mbele ya wote. Watu wazima walilishwa chakula cha watoto wachanga, wakavalishwa nepi, wakapigwa matakoni kwa vibao vya matangazo. Mwanamke mmoja aliishtaki kampuni, na mwaka 2006 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.7. Uamuzi ule ulitenguliwa katika rufaa mwaka 2008, lakini fedheha haina rufaa. Mtu aliyelala na aibu mbele ya wanawe, ni hakimu gani atakayemwondolea?

Hapa ndipo suala letu linapofika kwenye kiini chake. Kwa nini ni watu wa mauzo wanaopelekwa kwenye michezo hii zaidi kuliko wengine? Kwa sababu wao ndio waliofarikishwa zaidi. Kila mmoja ana malengo yake ya mwezi. Kila mmoja ana kamisheni yake. Majina yao yamebandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho anajua kuwa mlango uko wazi. Katika hali hiyo mteja wa mwenzako ni karo ya mwanao. Siku zaidi ya mia tatu wanafundishwa kunyang'anyana, kisha siku moja wanafungwa miguu pamoja wakaambiwa, "Pendaneni." Huyu ni mtu anayetia maji katika mtungi aliokwisha kuutoboa yeye mwenyewe, kisha anaulaumu mtungi.

Wala si mimi peke yangu nisemaye hivi. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani kazi ya viwanda tangu mwaka 1950, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuwa viwango vya kuhesabiana na kupangana daraja kila mwaka huvunja ushirikiano wa wafanyakazi, akataka viondolewe. Aliyasema hayo mtu aliyeyashauri makampuni kwa miaka mingi.

Sisi watu wa pwani tuna kipimo chetu wenyewe. Nani asiyejua chombo kinavyoshuliwa? Wanakuja watu wa mtaa mzima, mafundi na wapita njia, wanaishika kamba, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, mpaka chombo kinagusa maji, kisha watu wanakula pamoja. Hapo pana kamba, pana jasho, pana kicheko. Lakini hapana mchezo, kwani chombo ni chombo kweli. Na chombo cha uvuvi kinaporudi pwani, pato hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Nahodha huweza kupata zaidi, na hapana anayelalamika, kwa kuwa mgao unajulikana kabla ya kutweka tanga. Je, umepata kuona nahodha akiwapangia mabaharia wake michezo wapendane? Mgao wenyewe unawafundisha. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini walijua pia kuwa vidole hushirikiana kwa sababu vimo katika mkono mmoja.

Liko na jambo jingine linalozihusu nyumba zetu. Wengi wamenieleza kuwa katika michezo hii wanaume na wanawake wasiohusiana huambiwa washikane, wabebane au wadakane, na anayekataa huambiwa hana moyo wa timu. Wengine hupitwa na adhuhuri kwa kuwa mwenye filimbi hakuweka nafasi. Hapa nasema wazi: haya si makosa ya umoja, ni makosa ya aliyepanga. Yako mambo mengi wawezayo kufanya watu bila kuvunjiana heshima, na robo saa ya swala haijapata kuifilisi kampuni yoyote. Na mtu mwenye mgongo mbovu, au mama mwenye mimba asiyetaka kuitangaza, asilazimishwe kujieleza mbele ya halaiki. Umoja unaoanza kwa kumdhalilisha mmoja, huo si umoja.

Kwa nyinyi wenye makampuni, nasihi yangu ni fupi. Kabla hamjalipia mapipa na fulana, uangalieni mgao wenu. Sehemu ya kamisheni iwe ya kundi zima. Andikeni sharti kwamba mteja wa mtu hachukuliwi kwa uwongo, na anayevunja aadhibiwe hata kama ndiye wa kwanza katika orodha ya ukutani. Meneja naye atoke aende sokoni na wauzaji wake juani walau siku moja kwa mwezi. Mkisha kufanya hayo, wapelekeni watu wenu ufukweni wakale na kucheza, nao watafurahi kweli.

Na kwenu vijana wetu: msiidharau kazi kwa sababu ya mchezo wake, na wala msidanganyike na makofi. Mjue mwenzako kwa anavyokufanyia wewe usipokuwepo. Akikudaka na kitambaa kimo machoni mwako, na watu wanatazama, hilo ni jepesi. Mtazame atakapokuwa peke yake mbele ya mteja wako.

Yule kijana alirudi kwangu juma lililopita. Mteja wake hajarejea. Lakini alinieleza kuwa mteja wa yule mwenzake alimpigia simu yeye kwa kukosea, akitaka mzigo mkubwa, naye akampa nambari ya mwenziwe. Nikamuuliza: "Hukutamani?" Akasema: "Nilitamani sana, Maalim. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika." Basi nikamwombea dua, nikamwambia kuwa kama iko timu itakayojengwa katika ile kampuni, yeye amekwisha kuweka jiwe la kwanza, wala hakuna aliyempigia makofi.

Wabillahi tawfiq.