Bamba la Kifuani kama Matini

Mwaka 1815 Gavana Lachlan Macquarie wa New South Wales, Australia, alimvisha Bungaree bamba la kifuani lenye umbo la hilali, lililochorwa kwa Kiingereza kwamba yeye ni chifu wa kabila la Broken Bay. Tukilihakiki kama matini, mtunzi wake ni mkoloni, na msomaji aliyekusudiwa ni mkoloni pia. Waaborijini wa huko waliongozwa na wazee, si machifu wa kuteuliwa; basi hapa neno ndilo lililozaa cheo. Safari ya Bungaree ya kuizunguka Australia pamoja na Matthew Flinders, 1802-1803, haikutajwa. Hata hivyo, mabamba ya namna hii yamehifadhi majina, na wapo wazawa wanaoyatazama kwa uchungu, wengine kwa fahari. Mhakiki asipuuze usomaji huo wa pili.